Bibi wa Pangani, kitambaa cha Lowell: tuanzie makumbusho gani Massachusetts?

Swali la msomaji: Shikamoo mwalimu. Naishi Lowell, Massachusetts, huu mwaka wa 6. Mama mkwe wangu anakuja kutoka Pangani mwezi wa sita, atakaa nasi miezi 3, na wanangu wawili, wa miaka 9 na 13, watakuwa likizo. Huku kila mji una kijumba chake cha makumbusho. Mwaka jana niliingia kimoja, nikaoneshwa viti, vikombe na picha za wazee wa Kizungu, nikatoka nusu saa haijaisha. Niambie kweli: vijumba hivi vina faida kwetu, au bibi nimpeleke madukani tu? Na kama vina faida, nianzie wapi bila kumaliza mshahara?

Jibu: Marahaba, mwanangu. Madukani utampeleka tu, maana sanduku la kurudi Pangani halijazwi kwa historia. Ila usimalize siku zake zote huko. Umenitajia Lowell na Pangani kwa pumzi moja, na miji hiyo miwili inajuana tangu zamani kuliko unavyodhani.

Tuanze na vile vikombe. Nimepokea wageni makumbusho miaka mingi, nyumbani na huko, na hilo lalamiko lako nimelisikia kwa watu wa kila rangi. Makumbusho mengi ya miji midogo ya New England, yaani majimbo hayo ya kaskazini mashariki, hayakuanzishwa na serikali. Yalianzishwa na wenyeji, aghalabu wajukuu wa matajiri wa mji, waliotaka nyumba ya babu isivunjwe. Ukoo ukatoa nyumba, ukatoa na viti, picha na vikombe vilivyokuwamo. Kilichohifadhiwa ni kile kilichokuwa na mtu wa kukililia. Aliyekuwa akiviosha vikombe hakuacha kikombe chake. Kwa hiyo ukiingia ukangoja kuelezwa, utaelezwa vikombe, na mwenyeji wako hana kosa; ndivyo alivyoachiwa. Wewe ndiye wa kuuliza: huu ukoo mali uliipata wapi? Uliza kwa adabu, kama unavyouliza habari za nyumbani, na utaona mzee wa watu anaweka chini karatasi yake ya maelezo. Wengi wanalijua jibu, hawajaulizwa tu. Na katika miji ile ya pwani jibu ni bahari mara nyingi mno, na bahari ukiifuata inakuleta kwetu.

Anzeni hapo hapo kwenu. Boott Cotton Mills ni kiwanda cha nguo kilichoanzishwa 1835 kando ya mto Merrimack, na leo ni sehemu ya hifadhi ya historia ya taifa iliyoundwa 1978. Nimekutana na watu wetu walioishi Lowell miaka 10 hawajakanyaga humo, na gari wanaliegesha mtaa wa pili. Msikimbilie ghorofani kwenye mabango. Ingieni kwanza chumba cha mitambo ya kufumia. Mtapewa vizibo vya masikio, na mvivae kweli, kwa sababu ikiwashwa hata sehemu tu ya ile mitambo zaidi ya 80, sakafu inatetemeka unaisikia magotini. Mitambo yenyewe ni ya mwanzo wa karne ya 20, si ile ya 1835, lakini kelele inatosha kukufundisha. Wasichana waliotoka mashambani, wengine wakubwa kidogo tu kuliko mwanao, walisimama katika vyumba vya namna hiyo saa 12 na zaidi kwa siku. Walilala kwenye mabweni ya kampuni, kengele ikiwaamsha na kengele ikiwalaza. Waligoma 1834 walipokatwa ujira, wakagoma tena 1836 gharama za bweni zilipopanda. Huyo wa miaka 13 mwache asome habari zao peke yake, bila mama wa kumtafsiria maana yake.

Halafu mshike bibi mkono mkaangalie kitambaa. Neno merikani hahitaji kufundishwa. Ile pamba nzito isiyopaushwa, iliyovaliwa pwani na bara kabla kanga haijatawala, ilipewa jina la nchi mnayoishi. Kuanzia miaka ya 1830 meli za Massachusetts zilikuwa zikishusha majora kwa majora Unguja. Kutoka Unguja yakavushwa Bagamoyo na Pangani, yakapanda vichwani mwa wapagazi hadi Tabora na Ujiji. Bara merikani ilikuwa ndiyo fedha: hongo ya mtemi, posho ya mpagazi, bei ya mbuzi, vyote vilihesabiwa kwa shuka na doti, doti moja ikiwa shuka 2, yaani yadi 4. Bibi akiingia dukani leo bado anaomba doti ya kanga.

Sasa simameni mbele ya mtambo mmoja na uwaambie watoto jambo hili. Pamba haioti Massachusetts, kwenye theluji ile. Ilitoka mashamba ya majimbo ya Kusini, ikachumwa na Waafrika waliokuwa watumwa, ikaletwa kaskazini kusokotwa na kufumwa. Kitambaa kigumu cha bei ya chini kilirudishwa Kusini kuwavika watumwa wale wale, na wao walikiita lowell, kwa jina la mji wenu. Angalieni hilo. Mtu wa Georgia anavaa lowell, mtu wa Tabora anavaa merikani, hawajaonana wala hawatajuana, na kila mmoja kwa upande wake amekiita kitambaa kwa jina la kilikotoka. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vilipoanza 1861 pamba ikakatika, nguo za Uingereza na India zikaingia sokoni kwetu. Jina tu ndilo lililobaki.

Kabla hamjaondoka, tembeeni hadi maporomoko ya Pawtucket. Kampuni zililipenda eneo hilo kwa nguvu ya maji, lakini kabla yao Wapennacook, wenyeji wa asili wa nchi ile, walikuwa wakikusanyika pale kuvua samaki kila majira ya kuchipua. Mnaweza kuona, pale au kwingineko, kabati la vioo lililofunikwa au lililoachwa tupu. Msidhani mmeibiwa kiingilio. Sheria ya 1990 iliwapa mataifa ya wenyeji wa asili haki ya kurudishiwa mifupa ya wahenga wao na vitu vyao vitakatifu, na kanuni mpya za Januari 2024 zinayataka makumbusho kupata ridhaa kabla ya kuonesha vitu vya namna hiyo. Kabati tupu nalo ni onyesho, mimi nalipenda kuliko mengi yaliyojaa.

Safari ya pili iwe Salem. Kutoka Lowell mnapanda treni hadi North Station ya Boston, na hapo hapo mnabadilisha treni ya Salem, hakuna haja ya kuhangaika na maegesho. Mshukuru Mungu bibi anakuja Juni. Mwezi wa kumi Salem haipitiki, mji mzima umevaa kofia za wachawi. Kisa chenyewe cha kesi za uchawi za 1692 si cha kuchezewa: watu 19 walinyongwa, na mzee mmoja, Giles Corey, alikandamizwa kwa mawe hadi akafa kwa kukataa kuijibu mahakama. Aliyekuwa wa kwanza kukiri ni Tituba, mtumwa wa nyumbani kwa mchungaji, na unajua mwenyewe mtumwa akihojiwa anakiri kwa nini. Utakuta mjini majumba kadhaa yanayojiita makumbusho ya uchawi, yenye masanamu ya nta, taa nyekundu na tiketi ya bei mbaya. Piteni mbali. Nendeni kwenye kumbukumbu ya mawe iliyozinduliwa 1992 kando ya makaburi ya zamani. Ni ukuta mfupi wenye mabao ya mawe yaliyotokeza, kila moja na jina la aliyeuawa, na hulipi kitu. Bibi atakuwa na ya kusema hapo. Kwetu pia kuna vikongwe waliokufa kwa macho mekundu ya moshi wa jikoni, na akilianza hilo, usimkatize.

Lakini Salem yetu ni ya bandarini. Teremkeni hadi gati la Derby. Eneo lile lilitangazwa 1938, na ndilo lililokuwa la kwanza Marekani kupewa hadhi ya eneo la kihistoria la taifa. Kuingia ni bure. Juu ya kilima kidogo mtaona Nyumba ya Forodha ya 1819, yenye sanamu ya tai juu ya paa. Zamani zile serikali ya Marekani haikuwa na kodi ya mshahara. Iliishi kwa ushuru wa nyumba kama hiyo. Nyuma yake kuna kibanda cha mizani cha 1829, bado kina mizani ile mikubwa ya kupimia mizigo. Mimi niliposimama hapo mara ya kwanza nilijiona niko Forodhani Unguja, imekosekana tu harufu ya mishikaki. Wenye miguu waende hadi mwisho wa gati, karibu nusu maili, kwenye mnara mdogo wa taa wa 1871. Bibi akae kwenye benchi ale upepo.

Katika mizani za namna hiyo zilipita pembe za ndovu, karafuu, ngozi na sandarusi kutoka kwetu. Sandarusi ndiyo watu wanaisahau. Ule utomvu mgumu uliochimbwa ardhini nyuma ya pwani ya Mrima ulikuwa ukija Salem mchafu, unasafishwa kiwandani, halafu unatengenezwa vanishi. Kwa hiyo viti vile vya kale vilivyokuchosha, kama vinang'aa, kaa ukijua uwezekano wa kinachong'aa.

Mfanyabiashara aliyefungua njia ya sandarusi na Unguja mwanzoni mwa miaka ya 1830 alikuwa nahodha John Bertram. Nyumba yake kubwa ya matofali iko Essex Street, namba 370, na warithi wake waliitoa iwe maktaba ya umma. Ndiyo Maktaba ya Umma ya Salem hadi leo. Huhitaji tiketi, huhitaji mwongozaji. Unaingia, bibi anakwenda msalani, watoto wanachukua vitabu, na mmekaa katika nyumba iliyojengwa kwa faida ya biashara iliyopita Unguja. Nikiwa na wageni kutoka nyumbani huwapeleka hapo kabla ya makumbusho yoyote, na huwa siwaambii kitu mpaka wamekaa.

Kisha Peabody Essex Museum, mwendo wa miguu kutoka hapo. Asili yake ni chama cha manahodha kilichoundwa 1799, na sharti la uanachama lilikuwa uwe umepita kwa meli Rasi ya Tumaini Jema au Rasi ya Horn. Kila mmoja alirudi na kitu: silaha, kobe, vyungu, sanamu, viatu. Ukumbi waliouzindua 1825 kuweka vitu hivyo bado uko ndani ya jengo la leo. Ni makumbusho makubwa, yana hata nyumba nzima iliyohamishwa kutoka China, kwa hiyo mkiingia kiholela mtachoka kabla ya kukuta kinachowahusu. Andika barua pepe wiki 2 kabla, uulize ni vitu gani vya Zanzibar na Afrika Mashariki viko wazi siku hizo. Makumbusho makubwa huonesha sehemu ndogo tu ya hazina, iliyobaki iko ghalani. Wakijua kuna bibi kutoka Pangani anakuja, mtu atajibu.

Mkiwa humo wasimulieni watoto habari za wanaume watatu. Edmund Roberts, mfanyabiashara wa Portsmouth, New Hampshire, alipata kufika Unguja kibiashara akarudi kwao kuishawishi serikali; Septemba 1833 akatia sahihi mkataba wa biashara na Sayyid Said huko Muscat. Richard Waters wa Salem akafika Unguja 1837 akiwa balozi mdogo wa kwanza wa Marekani, miaka 4 kabla Waingereza hawajaweka wao. Huyo alikuwa mcha Mungu aliyeandika katika shajara yake jinsi anavyouchukia utumwa, na mchana akifanya biashara na Jairam Shivji, mkuu wa forodha, katika mji ambao uchumi wake wote ulibebwa na watumwa. Na wa tatu ni Ahmad bin Na'aman, aliyetumwa na Sayyid Said na meli Sultana, akafika New York mwishoni mwa Aprili 1840 na tende, kahawa, karafuu na pembe, pamoja na farasi wa zawadi kwa rais. Watu wa New York walimiminika bandarini kumtazama, na mchoraji Edward Mooney akamchora kwa rangi, kilemba na jambia. Serikali ikaitengeneza meli bure kabla haijarudi. Yaani karibu miaka 200 iliyopita kuna mtu alitoka kwetu akaenda huko kwa meli yetu, na huko akapokewa kama mgeni wa heshima. Watoto wanaokulia ugenini wanahitaji kulijua hilo kuliko tarehe za vita.

Salem ilikuwa na weusi wake huru pia. John Remond alikuwa mpishi wa karamu za matajiri katika Hamilton Hall, na wanawe Charles na Sarah walikuwa wasemaji wakubwa wa kupinga utumwa. Sarah alikwenda Uingereza 1859, akasimama Manchester, mji uliokula kwa pamba, akawaambia pamba hiyo imechumwa na nani. Waulizeni wahudumu wa hifadhi, watawaonesha mahali.

Ya Medford nitaisema kwa ufupi, ingawa iko njiani kati yenu na Boston. Nyumba ya ukoo wa Royall ina kando yake jengo walimolala watumwa, na ni jengo pekee la namna hiyo lililobaki limesimama peke yake Kaskazini mwa Marekani. Humo aliishi Belinda Sutton, aliyetekwa Afrika akiwa mtoto. Mwaka 1783, baada ya bwana wake kukimbilia Uingereza, alipeleka dai kwa bunge la Massachusetts apewe pensheni kutoka mali aliyoichumia yeye. Akapewa paundi 15 na shilingi 12 kwa mwaka, na ikambidi arudi kudai tena na tena. Jumba hilo hufunguliwa siku chache za majira ya joto, na maelezo yake yameandaliwa vizuri kuliko mengi ninayoyajua. Watoto wako wanalimudu. Kwa bibi, pima mwenyewe. Wazee wengine hawataki kuoneshwa chumba cha mtumwa, na wana haki.

Ya mwisho ni ya Pangani hasa, na inataka gari na siku nzima, zaidi ya saa 2 kwenda: Deep River na Ivoryton, jimbo la Connecticut, karibu na mdomo wa mto Connecticut. Hili jina la pili maana yake ni mji wa pembe, na halikutolewa kwa mzaha. Kuanzia mwisho wa karne ya 18 watu wa bonde lile walikuwa na mashine za kukatia machanuo ya pembe za ndovu, na karne ya 19 ilipofanya kila nyumba ya heshima Marekani itake piano, wakahamia kwenye vibonyezo vya piano. Kampuni 2, Pratt Read ya Deep River na Comstock Cheney ya Ivoryton, zilimeza sehemu kubwa ya pembe zilizoingia nchi ile, na sehemu kubwa ya pembe hizo ilipita Unguja. Biashara hiyo ilikuwa na wakala wake Unguja aliyejua bei ya pembe laini na pembe ngumu kama baba yako anavyojua bei ya nazi. Pembe ilikatwa vipande vyembamba kama ganda la yai, vikapangwa kwenye vibanda virefu vya vioo ili jua livipaushe, vikagundishwa kwenye mbao. Na pembe zilizoshuka Pangani kutoka upande wa Kilimanjaro na Umasaini zilikuwa zimebebwa mabegani, na wengine waliobeba walikuwa wapagazi wa ujira, na wengine hawakuwa na ujira wala hiari.

Deep River kuna nyumba ya mawe ya 1840 inayotunzwa na jumuiya ya historia ya mji, na ndani kuna vitu vya pembe na habari za viwanda. Ulizeni habari za George Read. Alikuwa mmoja wa wenye kiwanda, na alikuwa shemasi mpinga utumwa wa dhati. Mtumwa mmoja aliyetoroka Kusini, Daniel Fisher, alipofika kwake, Read alimpokea, akamshauri abadili jina. Akawa William Winters, akaishi Deep River miaka mingi, na mji una mtaa unaobeba jina hilo. Mtu yule yule aliyempokea mtumwa mmoja alitajirika kwa bidhaa iliyobebwa na watumwa asiowaona. Mimi simfichi wala simsulubu. Namweka hivyo alivyo mbele ya wageni na kunyamaza, na kila mara anayeanza kuzungumza ni mtoto.

Ivoryton kuna jumba la maonyesho lililojengwa 1911 liwe ukumbi wa burudani wa wafanyakazi wa kiwanda. Litazameni kwa nje tu mkipita, halafu mkale.

Sasa mfuko. Pollard, maktaba ya umma ya Lowell, huazima pasi za makumbusho kama inavyoazima vitabu. Kadi ya maktaba ni bure, na pasi za Juni na Julai huwahiwa, kwa hiyo usingoje bibi atue. Kama wa miaka 9 yuko darasa la 4 mwaka huu wa shule, serikali humpa kibali cha kuingiza familia bure kwenye hifadhi za taifa zinazotoza kiingilio, kinadumu hadi mwisho wa Agosti. Lowell na Salem omba kwa wahudumu kitabu cha mazoezi cha watoto: mtoto anajaza, anaapishwa kuwa afisa mdogo wa hifadhi, anapewa beji. Nimeona watoto wakisoma mabango yote ya jengo kwa ajili ya beji ya plastiki. Ukiwa na kadi ya msaada wa chakula, ioneshe bila haya. Makumbusho mengi hupunguza kiingilio hadi dola 3 au chini yake. Na ukikuta sanduku la mchango mlangoni kwenye kijumba kidogo, weka dola chache, kwa sababu anayewapokea hapo ni mwalimu mstaafu asiyelipwa.

Piga simu kabla ya kwenda. Narudia, piga simu. Vijumba hivi hufunguliwa Jumamosi saa 7 hadi saa 10 mchana, au Jumapili ya kwanza ya mwezi, au kwa miadi, na kilichoandikwa kwenye mtandao kinaweza kuwa cha miaka 3 iliyopita. Mimi niliwahi kuendesha gari saa 2 na nusu kwenda kwenye kimoja, nikakuta mnyororo getini. Aliyeniokoa ni jirani aliyekuwa akikata majani: mkewe ndiye aliyekuwa na ufunguo. Wakanifungulia, wakanitembeza, wakaniletea chai ya barafu, na bibi mwenyewe akaniuliza maswali ya Afrika zaidi ya niliyomuuliza ya mji wake. Ukipiga simu, sema mnatoka wapi. Na mkifika, bibi aandike kwa mkono wake kwenye kitabu cha wageni: Pangani, Tanzania. Wakiomba ruzuku wanatakiwa kuonesha wanapokea watu gani, na mstari huo wataunyooshea kidole miaka.

Kwenye simu hiyo hiyo uliza ngazi. Nyumba hizi ni za karne ya 18 na 19, ngazi ni nyembamba na zimesimama kama za kupandia mnazi, lifti hakuna. Mara nyingi ghorofa ya chini inatosha, na ukiomba watakuletea picha za vyumba vya juu. Chukua kiti chepesi cha kukunja na kanga ya kumfunika magoti, hao wenzetu hupuliza baridi ndani hata Julai. Na mwambie bibi mapema, kabla hamjavuka kizingiti, kwamba vile viti vizuri vilivyozungushiwa kamba si vya kukalia. Wa kwangu alikaa, na tulipomwambia anyanyuke akauliza sasa vimewekwa vya nini.